Visa vya Uingereza ambavyo havikuingia kwenye vitabu vya shule: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Historia ya Uingereza tuliyosomeshwa wengi wetu ilikuwa ya wafalme, mikataba na magavana. Tulikariri miaka, tukafanya mtihani, tukasahau. Visa vya hapa chini ni vya namna nyingine. Vingine vinashangaza, vingine vinauma, na karibu katika kila kimoja yumo mtu mdogo ambaye wasimulizi wamemruka. Nimetanguliza maswali yanayotugusa sisi wa Afrika Mashariki, kwa kuwa ndiyo ninayoulizwa zaidi.

Vita vya Uingereza na Zanzibar vilidumu dakika ngapi hasa?

Wengi husema 38, wengine 40, na wapo wanaofikisha 45. Inategemea unaanza kuhesabu wapi na unaishia wapi: amri ilipotolewa, kombora la kwanza lilipotoka, au bendera ya Sultani ilipoanguka. Kwa hesabu yoyote, ni vita vifupi kuliko vyote vinavyojulikana.

Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896. Siku hiyohiyo Khalid bin Barghash, mtoto wa Sultani Barghash, aliingia kasri na kujitangaza mtawala. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, na Waingereza walishikilia kwamba hakuna wa kukalia kiti bila ridhaa yao. Mtu wao alikuwa Hamoud bin Mohammed. Khalid hakutaka kusikia. Alikusanya watu wapatao 2,800 kulizunguka kasri, na bandarini zikasimama meli tano za kivita chini ya Admeri Harry Rawson. Khalid akapewa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ameteremsha bendera na kuondoka. Hakuondoka. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza kunguruma.

Sehemu kubwa ya kasri ilikuwa ya mbao, na waliokuwa ndani hawakuwa na pa kujificha. Watu wapatao 500 wa upande wa Zanzibar waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow ilijaribu kujibu mapigo, ikazamishwa palepale, na milingoti yake ikabaki imechomoza majini mbele ya mji kwa miaka mingi, hadi mabaki yake yalipoondolewa mwaka 1912. Watoto wa Mji Mkongwe waliozaliwa baada ya vita walikua wakiiona kila siku wanapotazama bahari.

Inaniuma kisa hiki kinaposimuliwa kama swali la chemsha bongo: vita vifupi kuliko vyote duniani, jibu, pointi moja. Watu 500 kwa muda usiozidi kipindi kimoja cha darasani ni msiba, na unastahili kusimuliwa kwa sauti ya msiba.

Khalid aliishia wapi?

Alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, ambao ulikuwa jirani, akakaa humo zaidi ya mwezi huku askari wa Kiingereza wakimsubiri nje. Wajerumani walingoja maji makuu. Tarehe 2 Oktoba bahari ilipojaa hadi kwenye bustani ya ubalozi, mashua ya meli yao ya kivita ilisogezwa hapo na Khalid akaingia moja kwa moja, bila kukanyaga ardhi ya Zanzibar ambako angekamatwa. Akapelekwa Dar es Salaam na kuishi huko miaka mingi. Waingereza walimtia mkononi mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wakamhamishia Shelisheli na Saint Helena. Baadaye aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki. Alifia Mombasa mwaka 1927.

Je, ni kweli Malkia Victoria alimpa mjukuu wake mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa?

Si kweli, ingawa utalisikia kwa waongoza watalii, kwa walimu, hata kwa watu wazima wenye heshima zao. Mpaka ulichorwa katika makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, na wakati huo mjukuu anayetajwa, Wilhelm, hakuwa hata Kaisari, alitawazwa 1888. Mawakala wa Ujerumani walikuwa wamekwisha kuweka mkataba na Mangi Rindi wa Moshi mwaka 1885, na serikali yao ikaung'ang'ania mlima. Mombasa ikabaki upande wa Waingereza. Ndiyo maana mstari unaotoka pwani karibu na Vanga unapanda moja kwa moja, ukifika Kilimanjaro unapinda, kisha unanyooka tena hadi Ziwa Victoria.

Hadithi ya zawadi inapendwa kwa sababu inaonyesha jinsi wakubwa wale walivyotugawa bila kutuuliza, na kwa hilo haijakosea. Lakini ukweli unauma zaidi, kwa maana uligawanywa mlima na watu wake mezani, na makarani, kwa kalamu na rula.

Nimesikia jeshi la wanamaji la Uingereza liliwahi kupiga wimbo wa Zanzibar kuwapokea wageni bandia. Imekuwaje?

Ni kweli, na Kiswahili kimo ndani yake. Tarehe 7 Februari 1910 vijana sita wa tabaka la juu walijifanya ujumbe wa kifalme kutoka Uhabeshi. Kiongozi wao alikuwa Horace de Vere Cole, na mmoja wao alikuwa Virginia Stephen, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kama mwandishi Virginia Woolf. Wanne walijipaka rangi nyeusi usoni, wakabandika ndevu na kufunga vilemba. Simu ya maandishi ikatumwa mbele yao, na huko Weymouth wakapokewa kwa heshima zote kwenye HMS Dreadnought, meli iliyokuwa fahari ya jeshi lile.

Bendera ya Uhabeshi haikupatikana. Ikapandishwa ya Zanzibar, na bendi ikapiga wimbo wa Zanzibar. Adrian Stephen, kaka yake Virginia, ndiye aliyekuwa mkalimani. Ndani ya treni alikuwa amepitia kitabu cha sarufi ya Kiswahili, lakini hakikumfikisha mbali. Alipoishiwa maneno akaanza kukariri mashairi ya Kilatini ya Virgil, akiyatamka kwa namna ya kubuni ili yasitambulike. Hakuna aliyeshtuka.

Haikuwa mara ya kwanza kwa Cole na Adrian. Mwaka 1905, wakiwa wanafunzi Cambridge, walijifanya ujumbe wa mjomba wa Sultani wa Zanzibar, na meya wa mji akawakaribisha.

Vitabu vingi vinasifu ujanja wa vijana hawa. Mimi naona jambo jingine: kwa maofisa wale Mhabeshi, Mzanzibari na Mwingereza aliyejipaka masizi walikuwa kitu kimoja. Uhabeshi ilikuwa imelishinda jeshi la Italia pale Adwa mwaka 1896, mwaka uleule wa vita vya Zanzibar, na bado kwenye meli ile hakuwapo aliyejua bendera yake wala lugha yake.

Nani walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani?

Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu kwa kirefu. David Livingstone alifariki mapema Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Waliokuwa naye walikuwa Waafrika watupu. Viongozi wao walikuwa Abdullah Susi na James Chuma, Myao aliyeokolewa utumwani mwaka 1861 akiwa kijana mdogo. Alikuwapo pia Jacob Wainwright, aliyewahi kuwa mtumwa, akasomea shule ya misheni huko Nasik, India, na kwa hiyo alijua kusoma na kuandika.

Wangeweza kumzika na kwenda zao. Badala yake walikaa shauri wakaamua kumrudisha kwao. Walitoa moyo na matumbo wakavizika chini ya mti, Wainwright akasoma sala ya maziko na kuchonga maandishi kwenye gome. Mwili waliutia chumvi, wakauanika juani kwa muda wa wiki mbili, kisha wakaufunga kwa kitambaa, gome la mti na turubai. Halafu wakaanza kutembea.

Safari ilikuwa ya kilomita zaidi ya 1,500 na ilichukua miezi mingi. Kupitisha maiti kwenye nchi za watu kulihofiwa, na mahali pamoja wenyeji walikataa kabisa. Wasafiri wale wakajifanya wameurudisha mwili ukazikwe, huku wameufunga upya ukafanana na mzigo wa kawaida wa kitambaa, wakaupitisha. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na ofisa wa Kiingereza, Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wauzike hapohapo. Walikataa. Mtu mwenye cheo, anayewakilisha dola, anawaambia wapumzike, nao wanasema hapana, tulikwisha kuamua.

Februari 1874 waliingia Bagamoyo. Hapo wakalipwa mshahara wao na kazi ikaishia hapo. Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na jeneza hadi Uingereza, kwa nauli ya wamisionari, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza ndani ya Westminster Abbey. Mwili ulitambuliwa kwa mfupa wa mkono ambao simba aliuvunja miaka mingi nyuma. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye, maziko yakiwa yamepita, wakasaidia kuyaweka sawa maandishi ya mwisho ya Livingstone kabla hayajachapishwa.

Jiwe la kaburi linaanza kwa kusema kwamba aliletwa na mikono yenye uaminifu, kupitia nchi kavu na baharini. Mikono ya nani, halisemi. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882, Susi akafuata mjini humohumo mwaka 1891, na Wainwright alifia Urambo mwaka 1892.

Ni kweli London iliwahi kufurika pombe?

Ndiyo, jioni ya tarehe 17 Oktoba 1814. Kwenye kiwanda cha pombe cha Horse Shoe, Tottenham Court Road, kulikuwa na mapipa ya mbao marefu kama nyumba ya ghorofa mbili, yaliyofungwa kwa pete za chuma. Pete ya pipa moja ilichomoka. Karani akaona, akaambiwa hakuna tatizo, itarekebishwa baadaye. Saa moja hivi ikapita na pipa likapasuka, likavunja mengine na ukuta wa nyuma, na mamia ya maelfu ya lita za bia nyeusi yakamwagikia mtaa wa St Giles.

Mtaa ule ulikuwa wa maskini, wengi wao Waairishi, familia nzima zikiishi kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Walikufa watu wanane, wanawake na watoto watupu. Katika nyumba moja walikuwa wamekusanyika kwenye matanga ya mtoto wa miaka miwili. Bia iliwakuta wakiomboleza, na mama wa marehemu akafa pamoja na wenzake.

Ile simulizi kwamba watu walikimbilia na ndoo, wakalewa, wengine wakafa kwa ulevi, haimo kwenye magazeti ya siku zile. Iliongezwa baadaye na watu waliotaka kuwacheka maskini wa St Giles. Baraza la uchunguzi lilisema ni ajali isiyo na wa kulaumiwa. Wenye kiwanda wakarudishiwa ushuru waliokuwa wameulipia pombe iliyomwagika, zaidi ya pauni 7,000. Waliofiwa walichangiwa na wapita njia.

Bunge la Uingereza liliunguaje kwa sababu ya vijiti?

Kwa karne nyingi hazina ya Uingereza iliweka hesabu kwa vijiti. Kijiti kilichongwa alama za kiasi cha fedha, kikapasuliwa kwa urefu, kila upande ukachukua nusu yake. Siku ya kulinganisha, nusu mbili zinawekwa pamoja. Alama zisipooana, mmoja ameghushi. Ni njia nzuri sana, na asiyejua kusoma angeweza kuitumia. Ilikomeshwa mwaka 1826 na vijiti vikabaki vimerundikana.

Tarehe 16 Oktoba 1834 iliamriwa vichomwe. Vingeweza kugawiwa maskini wapikie, lakini vikatiwa kwenye tanuru mbili chini ya ukumbi wa Bunge la Mabwana, mikokoteni miwili mizima, kutwa nzima. Mchana wageni waliotembezwa ukumbini walilalamika kwamba sakafu inaunguza hata kupitia viatu. Msimamizi alipeleka habari chini, kazi ikaendelea. Magharibi moto ulilipuka, na usiku ule karibu jumba zima la Westminster likateketea. Ukumbi mkongwe wa Westminster Hall uliokolewa. Jengo unaloliona leo kwenye picha, pamoja na mnara wa saa wenye kengele ya Big Ben, lilijengwa baada ya moto huo.

Siku 11 za mwaka 1752 zilikwenda wapi?

Hazikwenda popote, zilirukwa kwenye kalenda. Waingereza walikuwa bado wanatumia kalenda ya Julius Caesar wakati nchi nyingi za Ulaya zilikwisha kuhamia ile ya Papa Gregory tangu 1582. Zilikuwa zimeachana kwa siku 11. Bunge likaamua kwamba Jumatano tarehe 2 Septemba 1752 ifuatwe na Alhamisi tarehe 14. Watu walilala tarehe 2, wakaamka tarehe 14.

Husimuliwa kwamba umati uliandamana ukidai urudishiwe siku zake. Ghasia hizo hazina ushahidi. Inaonekana zilitokana na mchoro wa William Hogarth wa mwaka 1755 wenye bango la namna hiyo, uliokuwa ukiwakejeli wanasiasa wa uchaguzi.

Athari yake ipo hadi leo. Mwaka wa zamani wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Serikali haikutaka kupoteza siku 11 za kodi, kwa hiyo mwaka wa kodi ukasogezwa hadi tarehe 5 Aprili, na baada ya 1800 ukaongezwa siku moja tena. Mwingereza anayelipa kodi leo anaanza mwaka wake tarehe 6 Aprili kwa sababu hiyo.

Nani aliuchoma mji wa London mwaka 1666?

Hakuna aliyeuchoma. Moto ulianzia kwenye tanuri la mwoka mikate Thomas Farriner, Pudding Lane, alfajiri ya tarehe 2 Septemba, ukala nyumba zaidi ya 13,000 na makanisa 87 ya mitaa. Lakini yupo mtu aliyenyongwa kwa ajili yake, na jina lake linafaa lijulikane: Robert Hubert, kijana Mfaransa kutoka Rouen, fundi saa, ambaye wengi waliomwona walisema akili yake haikuwa sawa.

Wakati ule kila mgeni London alishukiwa. Hubert alikiri mwenyewe. Kwanza alisema alichoma Westminster, ambako moto haukufika. Akabadilisha, akasema alirusha kitu cha moto kupitia dirisha la Farriner. Nyumba ile ilielezwa kuwa haikuwa na dirisha pale. Majaji wenyewe hawakumwamini, lakini mtu aliyekiri ataachwaje? Familia ya Farriner, iliyokuwa na kila sababu ya kutaka lawama ziende kwingine, iliweka sahihi kwenye hati ya mashtaka. Alinyongwa Tyburn mnamo Oktoba 1666. Baadaye nahodha wa meli iliyomleta akatoa ushahidi kwamba Hubert hakuteremka Uingereza hadi siku mbili baada ya moto kuanza.

Kwenye mnara wa ukumbusho wa moto yaliongezwa maneno ya kuwalaumu Wakatoliki. Yalikuja kufutwa kabisa mwaka 1830.

Uvundo Mkuu wa mwaka 1858 ulikuwa nini?

Mto Thames ulikuwa umegeuka mfereji wa majitaka ya watu zaidi ya milioni mbili. Kiangazi kile joto lilizidi, maji yakapungua, na kinyesi kikabaki kimeanikwa kingoni. Bunge liko pembeni mwa mto. Mapazia yake yalilowekwa dawa ya klorini kupunguza harufu, na wabunge wakaanza kuzungumzia kuhama.

Kwa miaka maskini walikuwa wanakufa kwa kipindupindu na hakuna aliyeharakisha. Harufu ilipoingia ukumbini, sheria ikapita ndani ya wiki chache. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikuu ya chini kwa chini yenye urefu wa kilomita zipatazo 130, ambayo mingi inatumika mpaka sasa.

Wakubwa waliamini kwamba harufu yenyewe ndiyo inayoua. Daktari John Snow aliwaambia tangu mapema kwamba ni maji. Mwaka 1854 alichora ramani ya vifo vya mtaa wa Soho, zaidi ya 600, vikizunguka pampu moja ya Broad Street, na mpini wa pampu ukang'olewa. Hawakumkubali. Alifariki Juni 1858, katikati ya kiangazi kilekile cha uvundo, na hakuona hata tofali moja la mifereji iliyokuja kuthibitisha maneno yake. Wa kwetu waliowahi kuzuiwa kunywa maji ya kisima wakati wa mlipuko wamepona kwa elimu iliyoanzia kwa mtu huyu.

Ni kweli mwanamke alidai kuzaa sungura?

Mary Toft wa Godalming, mwaka 1726. Madaktari kadhaa walimwamini, akiwemo mpasuaji wa Mfalme George wa Kwanza, Nathaniel St André, ambaye alichapisha kijitabu na kuharibu jina lake moja kwa moja. Toft alikiri Desemba ya mwaka huohuo, baada ya kutishiwa kupasuliwa. Husimuliwa kama jambo la kuchekesha, lakini alikuwa kibarua maskini aliyekuwa ametoka kuharibu mimba, akazungukwa na wanaume waliompima mbele za watu kwa wiki kadhaa. Alifungwa kwa muda, kisha akaachiliwa bila kuhukumiwa.

Dubu wa barafu aliwahi kuvua samaki mtoni Thames?

Ndiyo. Mfalme Henry wa Tatu alimpokea kutoka Norway mwaka 1252 na kumweka Mnara wa London. Iliamriwa anunuliwe mnyororo na kamba ndefu ili ashuke mtoni kuvua. Miaka mitatu baadaye akaletwa tembo, zawadi ya mfalme wa Ufaransa. Aliishi miaka miwili tu.

Kabla ya saa za kengele, wafanyakazi wa viwandani waliamkaje?

Walimlipa mtu awaamshe. Alipita alfajiri na fimbo ndefu akigonga madirisha ya ghorofani, na hakuondoka hadi aone umeamka. Mwanamke mmoja wa London mashariki, Mary Smith, alitumia mrija kurusha mbegu kavu kwenye vioo. Kwa Waislamu waliokulia mitaa yenye wapiga daku wakati wa Ramadhani, kazi hii haihitaji maelezo.

Maiti gani iliyomdanganya Hitler?

Glyndwr Michael, Mwelisi asiye na makao, alifariki London Januari 1943 baada ya kula sumu ya panya. Idara ya ujasusi iliuchukua mwili wake, ikauvisha sare na kuupa jina jipya: Meja William Martin. Mifukoni walitia barua za mchumba asiyekuwapo na vipande vya tikiti za onyesho, na mkononi mkoba wenye barua zilizodokeza kwamba majeshi yatashuka Ugiriki na Sardinia. Tarehe 30 Aprili nyambizi ilimwacha majini karibu na Huelva, Hispania. Barua zikawafikia Wajerumani, nao wakapeleka vikosi kusikohitajika. Julai majeshi yakashuka Sicily.

Alizikwa Huelva kama Meja Martin. Zaidi ya miaka 50 ilipita kabla jina lake halisi halijaongezwa kwenye jiwe. Watu wengi wanaishi leo kwa sababu ya mtu ambaye hakuna aliyemwomba ruhusa, na aliyekufa bila hata kitanda chake mwenyewe.

Ukilazimishwa kuchagua kisa kimoja tu?

John Blanke. Alikuwa Mwafrika, mpiga tarumbeta katika ikulu ya Henry wa Saba na kisha Henry wa Nane. Tunamjua kwa sababu makarani waliandika malipo yake: Desemba 1507 alilipwa shilingi 20 kwa kazi ya Novemba, yaani peni 8 kwa siku. Kwenye mchoro mrefu wa mashindano ya Westminster ya mwaka 1511 anaonekana mara mbili, juu ya farasi, kilemba kichwani, tarumbeta mdomoni, katikati ya wenzake weupe.

Mfalme mpya alipoingia, Blanke alimwandikia ombi. Alisema mshahara wake haumtoshi kumtumikia mfalme kama wapiga tarumbeta wengine wanavyomtumikia, na mwenzao mmoja amefariki, basi apewe nafasi ile na malipo yake: peni 16. Alidai mara mbili ya alichokuwa anapata, kwa mfalme, kwa maandishi.

Henry alikubali. Mwaka 1512 Blanke alioa, na ikulu ikamtolea nguo ya harusi pamoja na kofia. Baada ya hapo daftari za malipo hazimtaji tena.